Nzuri, ila…

Salamu zetu zina ujanja wake. Ukiulizwa habari, huna ruhusa ya kuanza na ubaya. Unajibu "nzuri" kwanza, hata kama una homa, hata kama jana mlizika, kisha ndipo unaingiza neno dogo linalobeba mzigo wote: ila. Nzuri, ila mtoto hakulala. Nzuri, ila huu mgongo. "Sijambo" yenyewe ni kukana kwamba una jambo, dakika moja kabla ya kuketi na kulieleza jambo lenyewe. Anayekuuliza anajua kwamba habari iko upande wa pili wa ila, na anaisubiri.

Nimeishi nje miaka ya kutosha kuona kwamba ugenini hii ila ndiyo hutangulia kupotea. Simu inaingia kutoka nyumbani, habari inaulizwa, jibu linatoka: "Nzuri kabisa, niko poa." Basi, mazungumzo yanahamia kwa watu wengine. Aliyejibu amesimama kituo cha basi akitoka zamu ya usiku, hajala, na barua ya idara ya uhamiaji iko mfukoni siku ya tatu haijafunguliwa. Lakini yuko poa.

Nalileta hili kwa sababu ushauri unaozunguka sana miongoni mwa watu wanaoishi nje ni huu: tulia, jipe moyo, tazama upande mzuri, afya itakuja yenyewe. Si ushauri wa kubeza. Una ukweli, na ukweli huo umepimwa maabara. Ninacholalamikia ni kwamba vitu viwili tofauti vimevishwa kanzu moja: utulivu, na ile "niko poa" ya kwenye simu. Utulivu huulinda mwili. "Niko poa", kwa jinsi ninavyousoma ushahidi, huula kidogo kidogo huku ikitabasamu.

Niwape kwanza haki yao hao washauri. Mwaka 1936 Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifanya kazi Montreal (naye mgeni wa ng'ambo, tukumbuke), alichapisha barua fupi katika jarida la Nature kuhusu panya wake. Aliwatesa kwa baridi, kwa majeraha, kwa sumu, kwa kuwakimbiza hadi wachoke, na kila mara akakuta miili yao imejibu kwa namna ileile: tezi za adrenali zimevimba, tezi za kinga zimesinyaa, tumbo lina vidonda. Mateso mengi, jibu moja. Miaka mingi baadaye, 1993, Bruce McEwen na Eliot Stellar walieleza gharama ya jibu hilo lisipozimwa. Homoni ya kotisoli, ambayo kwa kawaida hupanda asubuhi ikuamshe na kushuka usiku ikuache ulale, haishuki inavyopaswa. Usingizi unakuwa wa mang'amung'amu. Sukari inapanda, mafuta yanahamia tumboni, mishipa inazoea presha ya juu kana kwamba ndiyo kawaida yake. Barua isiyofunguliwa kwa siku tatu mwili umeilipia siku tatu, hata kama ndani yake mlikuwa na habari njema.

Halafu kuna majaribio ya mafua, ambayo nayapenda kwa sababu ni ya kikatili kidogo na hayana maneno mengi. Sheldon Cohen na wenzake walichukua watu wazima wenye afya, wakawadondoshea virusi vya mafua puani kwa makusudi, wakawafungia karantini, wakasubiri kuona nani ataugua. Matokeo waliyochapisha 1991 yalionyesha kwamba kadiri mtu alivyokuwa na msongo mwingi maishani, ndivyo virusi vilivyompata kwa urahisi zaidi. Mwaka 2003 walirudi na watu 334. Safari hii walikuwa wamewauliza jioni baada ya jioni, kabla ya kuwapa virusi, walivyojisikia: wachangamfu, wenye furaha, watulivu. Wenye hali hizo kwa wingi waliugua mafua kwa nadra kuliko wenzao. Kinachochekesha ni kwamba wenye hasira na huzuni hawakuugua zaidi kuliko wengine. Walilalamika tu zaidi kuliko makamasi yao yalivyostahili.

Kwa hiyo ndiyo, utulivu hufika hadi puani.

Ila (na mimi ninayo yangu) kati ya majaribio hayo mawili, mwaka 1997, Cohen alifanya jingine ambalo wahubiri wa kujipa moyo hawalitaji. Aliwauliza watu 276 si walivyojisikia bali walikuwa nani kwa watu wengine: una mwenzi, wazazi, watoto, majirani, wafanyakazi wenzako, rafiki, wenzako wa ibada, wenzako wa chama fulani? Hakuhesabu idadi ya watu, alihesabu aina za uhusiano. Waliokuwa na aina tatu au pungufu walikuwa katika hatari ya kupata mafua zaidi ya mara nne ya wale waliokuwa na sita na kuendelea.

Sasa fikiria kinachotokea siku mtu anapopanda ndege kwenda kuishi nchi nyingine. Asubuhi alikuwa shangazi, jirani, mweka hazina wa kikundi, beki wa timu ya mtaa, mtu wa kuitwa penye ugomvi wa ndoa. Jioni ni abiria. Mwezi mmoja baadaye ni mfanyakazi, na pengine mpangaji. Aina tano za uhusiano zimekuwa mbili, na hakuna tezi mwilini iliyoarifiwa kwamba ni kwa muda tu. Huyu ukimwambia "tabasamu" umemwambia kitu, lakini umemwambia kidogo sana.

Hapo ndipo naanza kutofautiana na ushauri wenyewe, kwa sababu unadai kwamba fikra ndiyo mzizi na afya ni tunda. Mwishoni mwa 2015 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa wanawake zaidi ya 700,000 wa makamo wa Uingereza, waliofuatiliwa kwa takriban miaka kumi. Wasio na furaha walikufa zaidi, kweli. Lakini watafiti walipohesabu kwanza nani alikuwa mgonjwa tayari tangu siku ya kuulizwa, nani anavuta sigara, nani anaishi peke yake, tofauti ikayeyuka. Ugonjwa ndio uliokuwa ukiondoa furaha, na kukosa furaha peke yake hakukuua mtu. Miaka minne baadaye ukaja uchambuzi wa Marekani, wa wauguzi wanawake karibu 70,000 na wanaume 1,429 waliowahi kuwa jeshini, ukaonyesha kwamba wenye kutazamia mema waliishi muda mrefu zaidi kwa wastani wa asilimia 11 hadi 15 kuliko wale wasiotazamia mema kabisa. Wapenzi wa pande zote mbili wamekuwa wakirushiana tafiti hizi kama mawe.

Mimi sioni ugomvi. Utafiti wa kwanza uliuliza furaha, yaani hali ya moyo wa leo. Wa pili uliuliza tumaini, yaani mtu anategemea nini kesho. Na hata hiyo faida ya tumaini ilipungua kwa kiasi watafiti walipoingiza sigara, pombe, mazoezi na mlo kwenye hesabu, kwa maana kwamba sehemu yake hupitia katika miguu na mikono. Anayeamini kesho ipo huenda kliniki leo. Asiyeamini, aende kufanya nini?

Turudi ugenini, maana kule mambo haya hupata sura yake. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2024 watu milioni 304 walikuwa wakiishi nje ya nchi walizozaliwa. Katika nchi kadhaa zinazopokea wageni wengi imeonekana tena na tena kwamba wanaoingia huwa na afya bora kuliko wenyeji. Haishangazi: anayevuka bahari kutafuta maisha mara nyingi ndiye mwenye nguvu katika nyumba yao. Kinachoshangaza ni kwamba faida hiyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Wanafika wazima, kisha nchi inawazoeza magonjwa yake.

Kwa nini? Jibu la haraka ni chakula na kukaa kitako, na ni jibu zuri kwa sehemu. Lakini kuna utafiti wa 1976 ambao hauniachi. Michael Marmot na Leonard Syme waliwachunguza wanaume 3,809 wenye asili ya Japani waliokuwa wakiishi California. Ilikuwa tayari inajulikana kwamba Wajapani walioko Japani waliugua moyo kidogo sana, wa Hawaii zaidi kidogo, wa California zaidi ya hao. Marmot na Syme waliwagawa wale wa California kwa kadiri walivyoshikamana na namna ya maisha waliyolelewa nayo: lugha, marafiki, mahali pa kukutana, malezi ya utotoni. Walioshikamana nayo zaidi walikuwa na mioyo karibu ya Wajapani wa Japani. Walioiacha zaidi waliugua mara tatu hadi tano ya wenzao. Watafiti wakapima sigara, lehemu, presha, uzito, wakitafuta kilichosababisha, na vitu hivyo havikutosha kuieleza tofauti.

Nimewahi kusikia utafiti huu ukitumiwa kuhubiri kwamba mgeni ajifungie na watu wake, asijifunze lugha ya wenyeji. Sivyo ninavyousoma. Watu wale walikuwa wakifanya kazi California kama wengine, wakilipa kodi zilezile, wakikaa kwenye foleni zilezile za magari. Ninachokiona ni kwamba mwisho wa siku walikuwa na mahali ambapo hawakulazimika kutafsiriwa. Ukifika pale ukasema neno moja, wenzako wamejua lililobaki. Ndiyo maana nasema utulivu ni kitu chenye makazi. Si msimamo wa kichwani tu, una anwani, una viti, una watu wa kukuuliza "mbona umekonda?"

Wahenga wetu walikuwa na nadharia yao ya ugeni: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wataalamu wakaja na yao. Mwaka 1954 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliwaeleza wanawake wa klabu moja ya Rio de Janeiro kwamba anayehamia nchi ya watu hupita kwanza katika fungate, kisha mgogoro, kisha nafuu, kisha mazoea. Mwaka uliofuata Sverre Lysgaard akasema jambo la karibu na hilo kuhusu wasomi wa Norway waliokwenda Marekani: waliokuwa wamekaa kati ya miezi sita na kumi na minane ndio waliokuwa na hali mbaya kuliko wapya na kuliko wakongwe. Ramani hii ya fungate na mgogoro imerudiwa mno hata watu wanaichukulia kama ratiba ya treni. Lakini Colleen Ward na wenzake walipowafuatilia wanafunzi wa Kijapani New Zealand tangu siku ya kuwasili, katika utafiti wa 1998, fungate hawakuiona. Siku za mwanzo kabisa ndizo zilizokuwa nzito.

Kwangu mimi hili si jambo dogo la kitaaluma. Mtu aliyeambiwa kwamba miezi ya kwanza ni ya furaha, akajikuta analia bafuni wiki ya pili, atadhani yeye ndiye mwenye kasoro. Na mwenye kasoro hujificha.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1688 kijana wa udaktari aitwaye Johannes Hofer aliwasilisha Basel tasnifu kuhusu ugonjwa alioubunia jina: nostalgia, kutokana na maneno ya Kigiriki ya kurudi na ya maumivu. Kati ya wagonjwa wake alikuwemo mwanafunzi wa kutoka Bern aliyekuwa akisoma Basel, miji isiyofikia hata kilomita 100 kati yake. Kijana alidhoofika kwa huzuni na homa hadi watu wakamkatia tamaa. Wakaamua kumrudisha kwao, na akaanza kupata nafuu wakiwa bado njiani. Elimu ya mwili aliyokuwa nayo Hofer leo tungeicheka. Lakini alikubali kuisikia ila ya mgonjwa wake na kuiandika kama ugonjwa. Leo kutamani nyumbani ni udhaifu, tena udhaifu wa mtu asiye na shukrani, maana "wangapi wanaitafuta nafasi hiyo?"

Basi wanaficha. Na kuficha ni kazi ya mwili, si lugha tu. James Gross na Robert Levenson, katika majaribio waliyochapisha 1997, waliwaonyesha wanafunzi filamu za kuchekesha na za kuhuzunisha, wakawaagiza baadhi yao wasionyeshe chochote usoni. Waliozuia kicheko walijisikia kuchekeshwa kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Kumbe furaha ukiizuia hupungua. Huzuni haikupungua. Ilibaki palepale, na juu yake ukaongezeka msukumo wa neva zinazoamsha moyo na mishipa. Ukificha huzuni unabaki nayo yote, na unalipia pango la kuifichia.

Kuna jambo la pili ambalo watafiti walilikuta 2003 na ambalo lingepaswa kutufanya tuitazame simu ya Jumapili kwa jicho jingine. Waliwakutanisha wanawake wasiojuana, wawili wawili, wazungumze juu ya filamu ya kusikitisha, huku mmoja ameagizwa kwa siri afiche hisia zake. Presha ilipanda kwa yule aliyekuwa akisikiliza pia. Hawa walikuwa ana kwa ana, wageni kwa wageni. Mama anayemjua mwanawe kwa pumzi zake, sidhani kama waya au satelaiti zinamdanganya.

Mwili wa mhamiaji una kishawishi kingine kinachofanana sana na mtazamo chanya kiasi kwamba hata daktari hukisifu. Huko Marekani, Sherman James, mtaalamu wa magonjwa ya jamii, alikutana na mkulima mstaafu mweusi wa North Carolina aliyeitwa John Henry Martin, mtu aliyejikomboa kutoka kilimo cha kugawana mavuno hadi akanunua shamba lake mwenyewe kwa nguvu zisizosemeka. Alikuwa na presha, baridi yabisi na vidonda vya tumbo. James akakumbuka ngano ya John Henry, yule mpigaji nyundo wa reli aliyeshindana na mashine, akaishinda, akafa nyundo mkononi. Akatunga maswali kumi na mawili ya kupima imani ya aina hiyo: nikikaza tu, nitashinda. Mwaka 1983 akaonyesha kwamba miongoni mwa wanaume weusi wenye elimu ndogo, yaani wasio na mtaji wa kuisaidia ile juhudi, imani hiyo iliambatana na presha ya juu zaidi.

Mtu akisoma maswali yale bila kujua asili yake atasema haya ni maelezo ya mtu mwenye mtazamo mzuri wa maisha. Anajiamini, hakati tamaa, halaumu. Sisi tuna neno la mzaha, kubeba boksi, kwa kazi za ng'ambo zisizouliza shahada yako, na tunacheka vizuri tu tukilisema. Lakini nani anahesabu wabeba boksi wenye presha walioambiwa kila siku kwamba siri ni kukaza? Kulegea nako ni ujuzi. Mtu mtulivu huchoka, akasema amechoka, akalala.

Sipendi pia kusikia habari ya kutulia ikitolewa na mtu ambaye makaratasi yake yako sawa. Joseba Achotegui, daktari wa akili wa Barcelona, baada ya kuwahudumia wahamiaji kwa miaka, aliieleza hali aliyoiita kwa jina la Ulysses, yule msafiri wa Kigiriki aliyehangaika miaka mingi kabla ya kufika kwao: maumivu ya kichwa, kukosa usingizi, uchovu, huzuni isiyokwisha, kwa watu waliotengwa na familia, wasio na kibali, wanaoogopa kukamatwa. Alisisitiza kwamba huu si ugonjwa wa akili. Ni mtu mzima wa afya aliyebebeshwa mzigo usiobebeka. Ukimpa dawa za sonona umekosea mlango. Na huko Australia, watafiti waliowafuatilia wakimbizi Wamandea kutoka Iraq waliona kwamba waliobadilishiwa kibali cha muda wakapewa cha kudumu walipata nafuu ya sonona na ya jinamizi la vita. Muhuri ulifanya kazi ambayo kujipa moyo hakukuifanya. Huwezi kumtaka mtu apumue vizuri huku umekalia kifua chake.

Hata hivyo si kila kitu kinangoja serikali. Kuna mtu mmoja ninayemtaja kila ninapoombwa mfano wa mtazamo mwema ugenini, na wengi hawamtarajii. Norman Rosenthal alihama Johannesburg mwaka 1976 akaenda New York kubobea katika tiba ya akili. Majira ya baridi yalipofika na siku zikafupika, nguvu zikamwisha, kazi zikalala mezani. Majira ya kuchipua yakamrudishia uhai. Angeweza kusema niko poa, nikaze tu. Badala yake alijiuliza kulikoni. Mwaka 1984, akiwa na wenzake, alichapisha maelezo ya sonona ya majira, pamoja na tiba yake ya mwanga mkali. Wanaotoka karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hugawana sawasawa mwaka mzima, wakaenda kuishi ambako jua la Desemba huzama saa kumi alasiri, wanadaiwa na mtu huyu. Mwenye ngozi nyeusi ana la ziada la kuangalia huko, kwa kuwa ngozi yake huhitaji jua zaidi ili kutengeneza vitamini D ileile. Kipimo chake ni cha damu. Lakini anayejiona mzembe badala ya kuona kwamba jua limekwenda hatakiomba kipimo hicho.

Rosenthal, kwa maoni yangu, ndiye mtu aliyetulia. Hakuwa na furaha. Alikuwa na udadisi juu ya hali yake mwenyewe, bila aibu. Nikiwatazama wenzangu waliodumu nje wakiwa wazima, naona hicho kwao wote. Ni watu wanaokosea ngeli na jinsia za lugha ya wenyeji wakacheka kabla hawajachekwa. Wamejiandikisha kwa daktari wakiwa hawaumwi popote. Wakifika hospitali wanadai mkalimani, hawamtumii mtoto wao wa darasa la nne kueleza maumivu ya nyonga. Wamekataa kupokea simu saa tisa za usiku kwa sababu tu kwingine ni asubuhi, na nyumbani wakanuna, na wakazoea. Wamekwishaacha pia ile kalenda ya siri iliyokuwa ikisema mwaka wa tatu nyumba, mwaka wa tano gari. Wana angalau mtu mmoja mahali walipo, mwenyeji au mgeni mwenzao, ambaye kwake hawajibu salamu kwa neno moja. Julianne Holt-Lunstad na wenzake walipojumlisha tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, mwaka 2010, waliona kwamba wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano wa kubaki hai uliozidi wa wenzao kwa asilimia 50. Watu wengine ni tiba, lakini hawawezi kumtibu asiyewaambia anachougua.

Kinyume chake nimekiona pia. Neil Weinstein alionyesha 1980 kwamba wanafunzi wengi huamini mabaya yatawapata wengine kuliko wao; ugenini imani hii hunawiri, kwa sababu mtu hana nafasi ya kuugua na hivyo anaamua haugui. Presha haina kelele. Sukari haina haraka. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema, na sijaona utafiti uliolisema kwa maneno machache zaidi.

Rafiki yangu mmoja alikuwa poa kila Jumapili saa kumi jioni kwa miaka sita. Alikuwa poa hata wiki aliyoachishwa kazi. Siku moja muuguzi, katika kipimo cha kawaida tu cha mwajiri mpya, alifunga mkanda mkononi mwake, akautazama mtambo, akaufunga tena upya, kisha akamwomba asinyanyuke kwenye kiti. Aliulizwa maumivu ya kichwa yameanza lini. Akasema hana. Akaulizwa tena taratibu. Akasema, miaka miwili.

Jumapili iliyofuata alipiga simu mapema. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, habari za huko?" Akasema nzuri, akanyamaza muda ambao kwenye simu huonekana mrefu, kisha akasema ila. Alieleza yote: presha, vidonge, kazi iliyokatika, barua. Alinisimulia kwamba alingoja kilio upande wa pili, au dua, au lawama. Mama yake alivuta pumzi tu.

"Afadhali umesema," akamwambia. "Maana na mimi, baba, hili jicho la kushoto silioni tangu mwaka jana. Dada zako ndio niliwakataza wasikwambie."